Joto Tulilolikata Wenyewe

Mtu akikuambia mjini Uvira kwamba anatafuta joto la kuweka ndani ya kabini ya lori lake, utadhani jua limemwingia kichwani. Hapa saa nane mchana maji ya ziwa yenyewe ni vuguvugu, na dereva anayetoka bandarini Kalundu akifika Kavimvira shati limekwisha kumganda mgongoni. Sisi tunatafuta upepo. Nami kwa miaka mingi nilikuwa wa kwanza kulifanyia mzaha jambo hilo, nikilisema kila mahali ili watu wacheke. Siku hizi nikisikia mtu analisema nainuka na kuondoka, kwa sababu najijua nina ulimi mbaya, na sitaki kumtukana mtu kwa kosa ambalo ni langu.

Mimi ni dereva. Nimepanda na kushuka kati ya Uvira na Bukavu zaidi ya miaka ishirini, na lori ninaloliendesha sasa nimelishika tangu kabla binti yangu wa pili hajazaliwa. Napeleka mchele wa bonde la Ruzizi na ndagala kavu za ziwani, narudi na mbao, sabuni, chochote kinachopatikana. Njia ni ile ile. Unavuka bonde lote kwenye joto, Sange, Luberizi, Luvungi, mpaka Kamanyola, halafu unaanza kupanda mlima wa Ngomo. Wenye magari madogo na makaratasi kamili hupita ng'ambo, upande wa Rwanda, kwenye lami. Sisi wa mizigo mizito tunapanda mlima wetu, kona kwa kona, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine hakuna kitu. Chini umevua shati, juu unatafuta koti. Kule juu ukungu unakaa barabarani mpaka saa nne asubuhi, na mvua ikianza hainyeshi kwa fujo kama ya huku ziwani. Inanyesha polepole, kutwa nzima, na baridi yake inaingia taratibu.

Binti yangu huyo alizaliwa na ugonjwa wa damu. Wenye vitabu wanauita selimundu. Sisi tunasema SS, kama muuguzi alivyotuandikia kwenye karatasi mtoto alipokuwa na miaka mitatu na vidole vyake vimevimba kama maandazi. Damu yake ikipatwa na baridi inajipinda na kuziba njia, na pale inapoziba mifupa inauma. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba nimemsikia akilia kwa maumivu hayo, na siwezi kumwombea hata adui. Daktari wa Bukavu, anayempima kila baada ya miezi miwili, alitupa amri tatu: anywe maji mengi, asichoke sana, asipigwe na baridi. Ya kwanza aliishika mama yake. Ya pili aliishika mtoto mwenyewe, maana ni mtoto mwenye akili. Ya tatu ilikuwa yangu, kwa sababu Bukavu alikuwa anakwenda na mimi, ndani ya lori.

Siwezi kusema kwamba sikujua. Nilimwona akijikunyata kwenye kiti chake tangu kona ya tatu ya Ngomo, kajifunika kitenge mpaka kichwani, magoti kifuani. Nilimwambia baridi ni ya kuzoea. Nilimwambia watoto wa Bijombo, kule milimani, wanachunga ng'ombe asubuhi kwenye baridi kali kuliko hii, tena miguu mitupu, na hakuna anayewaonea huruma. Mara nyingi alifika hospitali akiwa na maumivu ambayo hakutoka nayo nyumbani, wakamlaza siku mbili tatu, nami nikasema ni ugonjwa wake tu, ndivyo ulivyo. Baadaye aliacha kulalamika. Nilijisifu moyoni kwamba nimemkomaza.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu. Siku moja alitusindikiza Bukavu kumwona shangazi yake, akakaa katikati, mtoto dirishani. Tulipofika juu akamshika mtoto vidole, vilikuwa kama barafu. Halafu akaweka kidole kwenye kile kijiti kilicho chini ya redio, chenye alama nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine.

"Hii kidude nyekundu iko ya nini?"

"Ya shofaji. Ya kuleta joto."

"Sasa mbona hailete?"

"Ilikufa zamani."

"Ilikufa, ao muliiua?"

Alimvuta mtoto akampakata kama kichanga, mtoto wa miaka kumi na mmoja, miguu yake mirefu ikaja mpaka kwenye gia. Nilibadilisha gia nikiomba radhi kila mara mpaka Nyangezi.

Tuliporudi Uvira hakuningoja mimi. Alikwenda mwenyewe kwa kaka yake, ambaye ni fundi wa malori pale Mulongwe, akamwambia Jumamosi asipokee kazi nyingine. Shemeji yangu huyo ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na mtu pekee ninayejua kwamba anamwogopa ni mdogo wake, yaani mke wangu. Jumamosi asubuhi nikaliingiza lori uani kwake.

Fundi wetu ana utaratibu wake, na sharti niuseme hapa, kwa sababu ndio ulioniumbua. Alinieleza kwamba joto la kabini si kitu cha ajabu: ni maji ya moto ya injini tu. Bomba moja la mpira linayatoa kwenye injini na kuyaingiza kwenye radieta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, feni inapuliza juu yake, na bomba la pili linayarudisha maji. Washa injini mpaka ipate moto, kisha shika yale mabomba mawili kwa mkono. Yote mawili yakiwa ya moto, maji yanafika, ugonjwa uko kwenye feni. Moja moto na jingine baridi, kile kiradieta kimeziba. Yote baridi, maji hayafiki kabisa. Ni dawa ya mkono, haihitaji mashine yoyote.

Tulianza na feni. Haikuzunguka, tukakuta fyuzi yake imehamishiwa kwenye redio, kazi yangu mwenyewe ya mwaka sijui upi. Tukarudisha fyuzi, feni ikakohoa vumbi jekundu la bondeni na majani makavu, kisha ikaanza kupuliza. Upepo baridi. Shemeji akaniambia niingie chini ya kabini nishike mabomba. Nikaingia, nikapapasa nyuma ya injini, nikapapasa tena.

"Shemeki, tiyo iko moja."

"Moja namna gani? Iko mbili."

"Kuya uone mwenyewe."

Akaja, akalala chali kando yangu na tochi. Palikuwa na kipande kimoja cha bomba kilichotoka kwenye injini, kikajipinda, kikarudi kwenye injini ile ile. Maji yalikuwa yanatoka nyumbani na kurudi nyumbani bila kumtembelea mtu. Ncha moja ilibanwa kwa kifungo cha kiwandani, nyingine kwa waya wa kufungia uzio. Shemeji alimulika ule waya muda mrefu.

"Huyu waya ni wangu," akasema. "Ni minye tu ninafunga vile. Ninazungusha mara tatu, halafu ninapinda kwa kushoto."

"Na nani alikuambia ukate?" Nilimwuliza kwa sauti ya polisi, kana kwamba nimemkamata mwizi.

Akazima tochi. "Weye."

Ndipo nikakumbuka, na nilikumbuka yote kwa pamoja. Nilikuwa naingia Luberizi na mzigo, kile kiradieta kikapasuka na kunimwagia maji ya moto kwenye mguu wa kulia. Nikaongeza maji ya mfereji wa mpunga, matope matupu, nikafika Uvira nikichechemea na hasira tele. Shemeji alitaka siku mbili za kukishusha na kukiziba. Mwenye lori alitaka mchele wake Bukavu kesho yake. Nikasema kata, unganisha, tumalize. Yeye aliniuliza, namkumbuka alivyoniuliza, akiwa na kisu mkononi: na baridi ya kule juu? Nami nikamjibu kwa sauti ili mafundi wote wasikie kwamba Uvira ina shofaji ya Mungu, ile ya kiwandani wabaki nayo Wazungu. Wakacheka. Nilikuwa mtu wa kuchekesha sana wakati huo. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu nyumbani.

Tulikaa pale chini ya lori wanaume wawili wenye mvi tukitazama kipande cha mpira. Shemeji hakunilaumu, na hilo liliniudhi zaidi. Ningependa anitukane ili nami nipate la kumjibu.

Kazi ya kukitoa kile kiradieta ilituchukua siku nzima, maana waliotengeneza lori lile walianza na kiradieta hicho kisha wakajenga kila kitu mbele yake. Kilitoka kikiwa kikavu, kizito, kimejaa udongo. Mifereji ya Luberizi na Kiringye ilikuwa imo humo ndani. Tukakilaza kwenye beseni la maji ya ndimu, tukakitikisa, tukakimwaga, mara sijui ngapi, mpaka yakaanza kutoka maji ya rangi ya chai na mwisho maji meupe. Mzee mmoja wa sokoni anayeziba sufuria akatuzibia ule ufa kwa risasi ya kuyeyusha. Tukaunganisha mabomba mawili mapya, na ule mpira uliofungwa waya tukaukata. Shemeji alitaka kuutupa, nikamwambia anipe, nikautupa mwenyewe.

Jumatatu nikalijaribu lori kuelekea Kiliba. Nikiwa nimesimama lilitoa uvuguvugu kidogo, kama pumzi ya mtu. Nikishika mwendo na upepo ukapiga radieta kubwa ya mbele, uvuguvugu ukapotea. Nikarudi Mulongwe nikiwa nimekata tamaa. Shemeji akashika mabomba mawili, yote yana joto la namna moja, dogo. Akafungua mlango, akatazama mshale wa joto la injini kwenye dashibodi. Ulikuwa umelala chini kabisa, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeuzoea miaka yote.

"Motere yenyewe iko baridi," akasema. "Itakupa joto ya wapi?"

Injini ina kilango kidogo cha shaba kinachoitwa termosta. Kazi yake ni kuzuia maji yasikimbilie radieta kubwa mpaka injini yenyewe ipate moto wake. Ukifika, kinafunguka, ukipungua, kinajifunga. Malori yote yanashuka kutoka Ulaya yakiwa nacho, na hayamalizi wiki mbili nacho. Ni desturi yetu. Lori jipya linabarikiwa na padri au mchungaji, linaandikwa maneno ya kumtukuza Mungu juu ya kioo, na linang'olewa termosta. Tunasema nchi yetu ni ya joto, kilango cha kuzuia maji baridi ni cha kazi gani? Kweli vilango hivyo hukwama na kuchemsha injini, lakini hukwama kwa sababu ya maji ya matope tunayoyamimina sisi. Badala ya kuacha matope, tunang'oa kilango. Ni kama mtu aumwaye jino moja akang'oa yote ili alale salama. Sikuhitaji kumwuliza shemeji nani alisema cha lori letu king'olewe.

Kununua kipya haikuwezekana. Muuza vipuri wa kwanza alinicheka, wa pili akaniuliza kama ninahamia Ulaya na lori, wa tatu hakukijua hata kitu chenyewe. Shemeji ndiye aliyeingia ndani ya kibanda chake akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga, akalimwaga mkekani. Zilikuwa termosta, zaidi ya ishirini, zote alizozing'oa kwenye malori ya watu kwa miaka yake yote ya kazi. Hakuzitupa kwa sababu ni shaba. Nilizitazama nikawaza kuhusu madereva ninaowafahamu, wanaokohoa, wanaopanda Ngomo na blanketi magotini na kuendesha kwa mkono mmoja ili mwingine upate joto kwapani, na kila mmoja wao joto lake limelala kwenye kopo hili. Hata hao nao hucheka.

Tulizichemsha. Ndiyo njia ya kuzijua: unaziweka kwenye maji juu ya mbabula ya makaa, maji yakikaribia kuchemka nzima inafunguka, na iliyokufa inabaki imefumba. Tuliazima sufuria jikoni kwangu bila kuomba. Mke wangu akaja kuitafuta, akatukuta tumechutama, kaka yake na mumewe, tunakodolea macho sufuria inayotokota vyuma.

"Munapika nini mu sufuria yangu?"

"Shofaji," kaka yake akamjibu.

Hakucheka. Alichukua kiti akakaa kungoja nasi. Zilifunguka tatu tu, na kati ya hizo tatu moja ilikuwa ya injini yetu. Alipoiona ikifunua mdomo ndani ya maji alisema, "Basi iko hii. Weka." Akatuambia sufuria tukae nayo.

Safari ya kwanza na joto sitaisahau, na naikumbuka kwa uchungu kuliko zile za baridi. Mshale ulipanda mpaka katikati ukasimama hapo. Tulipoanza Ngomo nikasukuma kile kijiti upande wa alama nyekundu, na upepo wa moto ukatoka miguuni na kwenye kioo. Binti yangu aliweka viganja vyake hapo, akavigeuza, akaviweka tena. Kona ya tano alivua sweta. Ukungu wa kioo ukakauka upande wake, akaegemeza paji la uso dirishani, akaanza kuuliza: ule mti ni mti gani, wale wanalima nini kwenye mteremko ule, lile bomba la maji linatoka wapi.

"Papa," akasema, "huku juu kuko kuzuri."

Alikuwa amepita hapo zaidi ya mara thelathini. Hakuwahi kupaona, kwa sababu kila mara alikuwa amefumba macho chini ya kitenge. Nilimjibu kuhusu mti.

Tulikwenda hivyo safari tatu. Miezi sita bila kulazwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze kutembea. Daktari alifurahi, akasema chochote mnachofanya, endeleeni. Mke wangu alianza kunipa nyama ya kwanza kwenye sahani. Nami nikaanza kuwahubiria madereva wenzangu habari ya termosta, na wao wakanicheka kwa maneno yale yale yangu ya zamani. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nililichuma, wakalila wengi.

Kisha nikashikwa na malaria, ile ya kukulaza kabisa. Mwenye lori akampa lori dereva mwingine kwa wiki moja, kijana mwema, mtulivu, ambaye simlaumu hata leo ingawa najaribu. Siku nilipopata nguvu ilikuwa imeangukia siku ya daktari. Nikafika maegeshoni asubuhi na binti yangu, na sweta moja tu, chupa mbili za maji na kitenge cha kukalia. Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa. Mtoto akapanda, akajiweka dirishani pake. Yule mwenzangu akaja kunikabidhi funguo, anacheka kwa furaha.

"Mukubwa, Mungu ni mukubwa. Nilikuokolea motere."

"Kwa nini? Ilikuwa na nini?"

"Mushale ilipanda mpaka katikati! Nikasema inaungua. Nikasimama Luberizi, mekanisie mumoja akafungua, akakuta termosta mule ndani. Fikiri, termosta! Akaitosha, hakuniomba hata kitu. Sasa mushale iko chini muzuri."

Hakuwahi katika maisha yake kuona mshale wa lori umesimama mahali unapotakiwa kusimama. Alipouona akadhani ni ugonjwa. Nikamwuliza kile kidude kiko wapi. Akasema fundi alikirusha kwenye mpunga.

Naomba msomaji anielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipo mimi hasa, si kule kwenye mzaha wa zamani. Kule nilikuwa mjinga. Hapa nilikuwa najua. Ningeweza kumshusha mtoto. Ningeweza kwenda Mulongwe, shemeji akanitafutia nyingine kwa mafundi wenzake, au tukasogeza siku ya daktari. Lakini mzigo ulikuwa juu, mwenye mzigo alikuwa amepiga simu mara mbili, nilikuwa nimekaa wiki nzima bila kazi nikaogopa kuonekana mvivu, na jua lilikuwa linawaka. Ndiyo hivyo. Jua lilikuwa linawaka, mgongo umenilowa jasho, nikaona baridi ni kitu cha mbali. Nikajiambia injini ikipanda na mzigo inapata moto wake yenyewe, na hilo ni kweli. Nikawasha lori.

Na kweli tulipoanza Ngomo lilitoa joto kidogo. Nilimwona anaweka viganja, akavitoa, akanitazama, akavirudisha. Kona ya saba tukakuta foleni. Lori moja lilikuwa limezama kwenye matope mbele, limeziba njia yote, na mvua ilikuwa imeanza. Injini isiyo na kilango ikisimama kwenye baridi na mvua haichukui muda. Maji yanapoa kama chai iliyosahauliwa. Nilitia kartoni la biskuti mbele ya radieta kuzuia upepo, mvua ikalilowesha likaanguka. Nikakanyaga mafuta lori likiwa limesimama, mshale haukunyanyuka. Mbele ningeenda wapi? Nyuma kulikuwa na malori tisa. Nilivua koti langu nikamfunika, nikavua na shati nikamfungia miguuni, nikakaa kifua wazi nikitetemeka, na nilifurahi kutetemeka. Tulikaa pale tangu saa nne asubuhi mpaka karibu saa tisa.

"Papa, magoti," alisema mara moja tu. Baada ya hapo alikunywa maji. Alikunywa kwa kujilazimisha, funda baada ya funda, kama alivyofundishwa na mama yake. Tulipoanza kutembea alikuwa hawezi tena kunyoosha mguu.

Alilazwa siku kumi na moja. Nyonga ya kushoto haijarudi ilivyokuwa, na daktari anasema haitarudi. Anatembea akiuvuta mguu, shuleni amewekwa kwenye chumba cha chini kisicho na ngazi. Mama yake nilimwambia yote jioni ile kwa simu, habari ya fundi wa Luberizi, habari ya foleni, habari ya asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata. Lori sasa lina termosta nyingine, nimeandika kwa rangi nyeupe juu ya injini kwamba atakayeigusa tutakutana. Binti yangu hapandi tena. Anapelekwa na mama yake kwa basi, kupitia ng'ambo.

Lakini si hayo yanayonikaba. Ni jambo dogo la pale mapokezi, siku ile tulipofika. Nilimbeba mgongoni mpaka ndani. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, akaanza kujaza karatasi huku wenzake wanatafuta mshipa. Akauliza tulikuja na nini, mtoto akajibu, na kamyo ya papa. Muuguzi akaacha kuandika, akainua macho.

"Kamyo. Na mvua hii. Iko na joto ndani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mtoto alinitangulia.

"Iko nayo, mama. Papa aliitengeneza yeye mwenyewe. Ilikuwa moto njia yote."

Alisema hivyo meno yakimgongana, akiniangalia mimi, si muuguzi. Muuguzi akaandika. Kisha akatikisa kichwa, akamgeukia kwa ukali wa mzazi, kama wanavyowageukia wagonjwa wanaowapenda.

"Basi ni maji. Hukunywa maji. Tulikuambia mara ngapi? Weye si mutoto mudogo tena."

"Pole, mama," binti yangu akasema. "Nitakunywa."

Chupa zake mbili zilikuwa zimebaki kwenye kiti cha lori, tupu. Muuguzi akanisukumia karatasi na kalamu ili mzazi atie sahihi. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa herufi za kusomeka, kwamba mgonjwa hakupigwa na baridi na kwamba hafuati maagizo ya kunywa maji. Nikasaini.